"Mbona hakupiga kelele?" Mwili unavyolipokea tukio la ubakaji

Kila zinapofika Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, Novemba 25 hadi Desemba 10, tunaulizwa yale yale: mbona hakupiga kelele, mbona alikaa siku mbili bila kusema, mbona maelezo ya leo hayafanani na ya jana. Wengi huuliza kwa nia njema. Lakini manusura akisikia maswali hayo hurudi ndani akanyamaza, na saa zinakwenda.

Hatari isiyokimbilika wala kupigika huugandisha mwili. Misuli hukakamaa au hulegea, sauti haitoki, kichwani ni ganzi. Hapo hakuna uamuzi wowote, wala ukimya huo si ridhaa. Hili tumelirudia miaka mingi, lieleweke. Homoni za hatari zinapofurika, sehemu ya ubongo inayopanga matukio kwa mfuatano huzidiwa, huku ile inayonasa hofu ikichachamaa. Ndiyo maana mtu hukumbuka harufu ya jasho au rangi ya shati, asikumbuke ilikuwa saa ngapi. Wengine husimulia kwa utulivu, macho makavu. Hiyo nayo ni ganzi.

Kama manusura hajaoga, asioge kwanza. Kama ameshaoga, aje hospitali hivyo hivyo. Kila nguo iwekwe kwenye mfuko wake wa karatasi au bahasha ya kaki. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, ukungu ukaota na kielelezo kikaharibika; nguo mbichi ikauke kivulini kwanza. Dawa kinga ya VVU, yaani PEP, ianze ndani ya saa 72, na saa za mwanzo ndizo bora zaidi. Humezwa kila siku kwa siku 28. Wapo wanaoikatisha kwa sababu ya kichefuchefu: usiache, rudi kituoni usaidiwe. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutolewa hadi saa 120, ila kila saa inayopita hupunguza nguvu yake.

Hapa Tanzania PF3, fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, hutolewa na polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto pale lilipo, kisha daktari huijaza baada ya uchunguzi. Ni ya kesi. Anayevuja damu atibiwe kwanza, fomu ifuate. Penye Kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja, hivyo manusura hazungushwi.

Kuhusu "kumalizana kifamilia": kesi hii ni ya Jamhuri, yaani serikali ndiyo inayoshtaki, si ya baba wala mjomba. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 131, inataja kifungo cha maisha na kwa vyovyote si chini ya miaka 30. Aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 hufungwa maisha. Na wanaodai "hakuna shahidi" wasome kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi: ushahidi wa mwathirika peke yake unaweza kutosha, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli.

Wiki za mwanzo ni za kukosa usingizi, kushtuka mlango ukigongwa, moyo kwenda mbio, kichwa na tumbo kuuma bila kipimo kuonyesha kitu. Kwa wengi hali hii hupungua polepole. Asilazimishwe kusimulia upya kwa kila shangazi anayefika. Mpeni chakula, mtu wa kulala naye chumba kimoja, na nafasi ya kuamua mambo yake. Msimnunulie diazepam, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, duka la dawa: haitibu kiwewe na hujenga utegemezi. Dalili zikipita mwezi mmoja, au akitaja kutaka kufa hata siku ya kwanza, apelekwe hospitali yenye kliniki ya afya ya akili. Huko kuna tiba ya mazungumzo inayomrudisha kwenye kumbukumbu hiyo kidogo kidogo, akiwa mahali salama, hadi mwili uache kuitikia kana kwamba tukio linaendelea.

Mtoto hana maneno hayo yote. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akianza tena, au akikataa kubaki na mtu fulani, msimchape. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, bila malipo.