Mtani anayecheka msibani Tabora

Wapo Tabora wanaoamini kwamba wazee wa zamani walizuia hisia kwa kunyamaza tu, na kwamba mtani anayeigiza mwendo wa marehemu msibani ni utovu wa adabu wa siku hizi. Dhana hii inaeleweka. Kicheko karibu na jeneza kinashtua.

Lakini utani ni wa kale. Ule wa Wanyamwezi na makabila ya njiani kuelekea pwani, Wazaramo wakiwemo, kwa kawaida huhusishwa na misafara ya karne ya 19, wapagazi walipopita nchi za watu waliohitaji kuelewana nao. Uliandikwa pia katika majarida ya miaka ya 1940. Na kujizuia kumo humo humo: anayetaniwa hatakiwi kukasirika, hata akidaiwa hela ndipo kaburi lichimbwe. (Mimi ningeshindwa.)

Ukitaka kuhakiki, waulize wazee wawili wa koo tofauti, kila mmoja peke yake. Msibani nako, mtazame mtani huyo baada ya kelele: mara nyingi utamkuta ameshika jembe au anachochea kuni.