Pikipiki Unayoiunda Upya Nyumbani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Toa mofla, injini ipumue, nguvu zitaongezeka." Hilo ndilo neno la kwanza analolisikia kila anayeanza kuifungua pikipiki yake, na mara nyingi kinachoongezeka ni kelele tu. Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilipangwa kiwandani kulingana na bomba la moshi na chujio la hewa vilivyokuja na injini. Ukifungua njia ya moshi, au ukafunga chujio la wazi lisilo na kasha, hewa inaingia kwa wingi na petroli haiongezeki kwa kiasi kinachotakiwa. Injini inachemka, vali za kutolea moshi zinaweza kuungua, na bomba linalipuka kila unapoachia mafuta. Wapo wanaoufurahia mlipuko huo. Mimi nausikia kama malalamiko.

Dawa ni kubadilisha jeti za kabureta, yaani vitundu vinavyopima petroli, kisha kusoma plagi: ncha nyeupe inasema hewa imezidi, ncha yenye masizi meusi inasema petroli imezidi, na kahawia hafifu ndiyo inayotafutwa. Kama mafuta yanapimwa na kompyuta badala ya kabureta, basi ni programu ya kompyuta hiyo itakayohitaji kurekebishwa. Injini za mipigo miwili, zile zinazochoma oili pamoja na petroli, ndizo za kuogopa zaidi. Bomba lake lenye tumbo ni sehemu ya injini: mawimbi ya shinikizo yanayorudi kutoka humo husukuma ndani ya silinda mchanganyiko uliokuwa ukitoroka. Ukilikata upendavyo, umepunguza nguvu kwa mkono wako mwenyewe.

Ndugu yake uongo huo ni ule wa sproketi, gurudumu la meno la mnyororo: eti ukifunga ndogo nyuma, mwendo wa juu unapanda. Kwa hesabu ya meno ni kweli. Lakini nguvu inayohitajika kushinda upepo hukua haraka kuliko mwendo wenyewe. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo inaongezeka mara nane. Injini ndogo ikipewa gia ndefu kama hiyo inashindwa kuivuta gia ya mwisho, na mwendo wa juu unaweza hata kushuka.

Sasa tuje kwenye linaloua. Watu huamini kwamba tangi lisilo na petroli ni salama kulichomelea. Petroli ikiwa kimiminika haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na tangi "tupu" limejaa mchanganyiko huo. Mvuke ukiwa kati ya takriban asilimia 1.4 na 7.6, cheche moja inatosha. Kuliosha mara moja kwa sabuni hakuondoi hatari, kwa sababu petroli hujificha kwenye mikunjo ya maungio na ndani ya kutu, halafu joto la kuchomelea linaifukiza upya. Kazi hiyo mpe fundi anayeijua. Na kama unachomelea chuma kingine chochote, usikisafishe kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini: ikipata joto hutoa fosijini, gesi ya sumu iliyotumika vitani katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Kuhusu kukaza bolti, msemo wa gereji ni "kaza mpaka igome". Bolti hushika kwa sababu imevutika kidogo kama springi. Ukipita kiasi inakatika, au inang'oa nyuzi za alumini ilimofungwa. Bolti ya milimita 6 kwenye kifuniko cha injini kwa kawaida inahitaji nyutoni mita 10 hivi. Kwa spana ya sentimita 10, hiyo ni sawa na kuning'iniza kilo 10 kwenye ncha yake, kiasi ambacho mtu mwenye hasira hukipita bila kujua. Hapo hapo, skrubu za nyota za pikipiki za Kijapani haziharibiki kwa sababu ni laini. Umbo lake linafuata kipimo cha Kijapani, JIS, na bisibisi ya kawaida ya nyota haikai vizuri ndani yake. Tafuta bisibisi ya JIS na nusu ya ugomvi itakwisha.

Umeme hauna mengi. Fuzi inalinda waya. Ikikatika mara kwa mara, kuweka kubwa zaidi ni kuugeuza waya wenyewe kuwa fuzi, tena ukiwa chini ya kiti chako. Indiketa za LED zinazowaka harakaharaka si mbovu. Relei ya zamani, kifaa kinachoziwasha na kuzizima, inaona mzigo ni mdogo na kudhani balbu imekufa.

Oili ya gari "ni oili ileile"? Kwenye pikipiki nyingi klachi inaogelea ndani ya oili ya injini, na oili za magari zenye viungo vya kupunguza msuguano huifanya iteleze. Angalia kwenye kopo alama ya JASO MA, kipimo cha Kijapani cha oili inayofaa klachi za aina hiyo. Kwenye mafuta ya breki, usichanganye DOT 5 na DOT 4: ya kwanza ni ya silikoni, ya pili ya glaikoli, ingawa namba zake zinakaribiana. DOT 5.1, kwa kero ya wanaoanza, ni ya glaikoli pia.

Tairi pana kwenye rimu nyembamba hubanwa pembeni na kubadili umbo, pikipiki ikawa nzito kulala kwenye kona. Inapendeza ikiwa imesimama.

La mwisho ni rangi, ambayo wengi huipiga fremu ikishasafishwa tu, kabla ya kujaribisha vipuri. Funga kwanza kila kitu kikiwa chuma kitupu: tangi, kiti, nyaya, bomba. Geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili uone kama waya unavutika, bonyeza shokapu uone kama tairi linagusa madigadi. Vishikio vyote vichomelewe wakati huo, ndipo ufungue tena na kupiga rangi.