Dawa iliyochongwa kwa kipimo cha kirusi: maswali na majibu kuhusu dawa za VVU za mstari wa pili

Nimehamishiwa mstari wa pili (dawa zinazotolewa zile za kwanza zikishindwa), atazanavir na ritonavir. Dawa hizi zinampiga kirusi wapi?

Kwenye hatua ya mwisho ya kuzaliana. VVU kikishaingia ndani ya seli huilazimisha ikitengenezee protini zake, lakini protini hizo hutoka zikiwa zimeungana katika mnyororo mmoja mrefu. Ni kama doti ya khanga: mpaka ikatwe ndipo upate ya kujifunga na ya kujitanda. Mkataji ni kimeng'enya cha kirusi kiitwacho proteasi. Atazanavir hujikita palepale pa kukatia. Virusi vipya bado hutoka kwenye seli, ila vinatoka havijakomaa na haviwezi kuambukiza seli nyingine.

Wataalamu walijuaje umbo la dawa litakaloingia hapo?

Waliliona umbo la kimeng'enya kwanza. Darubini ya kawaida haifiki huko, kwa hiyo waliifanya proteasi iwe fuwele, wakaipiga kwa eksirei, kisha wakakokotoa kutokana na jinsi mionzi ilivyotawanyika hadi wakajua kila atomu imekaa wapi. Mapema mwaka 1989 watafiti wa kampuni ya Merck walichapisha umbo la kwanza. Miezi michache baadaye kundi la Alexander Wlodawer, Maryland, Marekani, likatoa lililo sahihi zaidi.

Kilichoonekana kilikuwa vipande viwili vinavyofanana kabisa, kila kimoja kikiwa na asidi amino (viungo vidogo vinavyounda protini) 99, vimekumbatiana. Katikati kuna pango, na juu yake vibawa viwili vinavyofunguka na kujifunga. Wakemia wakaanza kubuni molekuli za kujaa pango hilo. Wale wa kampuni ya Abbott walianza na molekuli zenye pande mbili zilizo sawa, kwa kuwa kimeng'enya chenyewe ndivyo kilivyo. Wala hawakuanza mikono mitupu. Utafiti wa dawa za shinikizo la damu ulikuwa umeshawafundisha namna ya kuzuia renini, kimeng'enya cha binadamu kinachokata kwa mtindo huohuo.

Saquinavir iliidhinishwa Marekani Desemba 1995, ritonavir na indinavir Machi 1996. Huku kwetu wagonjwa walisubiri miaka mingi zaidi, na wengi hawakuwahi. Sayansi ilikuwa tayari. Bei ndiyo iliyokataa.

Kama imechongwa sawasawa, ritonavir inaongezwa ya nini?

Kutoshea kwenye kimeng'enya ni jambo moja, kufika huko ni jingine. Saquinavir ya mwanzo, ni takriban asilimia 4 tu ya dawa iliyomezwa iliyofika kwenye damu. Utumbo na ini vina kimeng'enya kiitwacho CYP3A4 ambacho huvunja dawa hizi haraka. Ritonavir hukizuia. Ndiyo maana leo hutolewa kwa dozi ndogo, mara nyingi miligramu 100, kumlinda mwenzake asivunjwe.

Ubaya wake ni kwamba dawa nyingine nyingi hupitia mlango huohuo. Rifampisini ya kifua kikuu hushusha atazanavir kiasi cha kuifanya isifae, na simvastatini ya kolesteroli hupanda hadi kudhuru. Mweleze mhudumu wa CTC (kliniki ya huduma na tiba ya VVU) kila unachomeza, pamoja na dawa za mitishamba.

Nikiruka dozi mara mojamoja kuna shida?

Ipo. Kirusi hukosea kila kinapojinakili. Dawa ikipungua kwenye damu, nakala ambayo pango lake limebadilika kidogo hupata nafasi ya kuzaana, na mwishowe dawa haishiki tena. Huo ndio usugu. Darunavir, iliyoidhinishwa 2006, ilibuniwa kwa kulifikiria hilo: hushikilia uti wa kimeng'enya (mhimili wa mnyororo wake wa protini), sehemu ambayo kirusi hakiwezi kuibadilisha kirahisi. Hata hivyo usugu dhidi yake upo, na ukifika huko dawa zilizobaki ni chache.

Je, zinaponya?

Hapana. Zinazuia virusi vipya kukomaa, lakini haziondoi vinasaba vya VVU vilivyokwisha kujificha ndani ya seli.

Ni kweli dawa ya UVIKO-19 ilibuniwa hivihivi?

Ndiyo. Nirmatrelvir ya Pfizer, iliyoruhusiwa Marekani Desemba 2021 kwa matumizi ya dharura, huzuia proteasi ya kirusi cha korona, na humezwa pamoja na ritonavir ileile.

Macho yangu yamekuwa ya njano tangu nianze. Niache?

Usiache mwenyewe. Atazanavir hupunguza kasi ya ini kusafisha bilirubini (rangi ya njano itokanayo na chembe nyekundu za damu zinapovunjika), na mara nyingi unjano huo hauna madhara. Lakini homa ya ini nayo huanza hivyo, kwa hiyo nenda ukapimwe.

Natumia omeprazole kwa vidonda vya tumbo. Je?

Sema kabla ya dozi inayofuata. Atazanavir huhitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke, na omeprazole huipunguza asidi hiyo. Mhudumu anaweza kukubadilishia mojawapo. Atazanavir humezwa pamoja na chakula, si tumbo likiwa tupu.