Treni Inaonekana Bado Iko Mbali

Kwenye mikutano ya vijiji vinavyopitiwa na reli, swali moja halikosekani: "Dereva alimwona, honi alipiga, kwa nini hakusimama?" Anayeuliza mara nyingi ni mtu aliyefiwa, au mfugaji aliyepoteza ng'ombe kadhaa kwa mpigo. Kazi yangu ni usalama wa reli, na nalijibu hapa kwa kirefu kwa sababu asiyelijua jibu lake ataendelea kuvuka kwa kubahatisha.

Dereva alifunga breki. Treni ndiyo haikusimama.

Gurudumu la treni ni chuma na reli ni chuma. Tairi la gari ni mpira, hung'ang'ania lami. Chuma juu ya chuma huteleza, na mvua ikinyesha huteleza zaidi. Ugumu wa chuma juu ya chuma ndio unaoiwezesha treni kuvuta mzigo mkubwa kwa nguvu ndogo, na utelezi wake ndio unaoifanya ishindwe kusimama ghafla. Treni ya abiria ya SGR, reli mpya ya kisasa ya Tanzania, kati ya Dar es Salaam na Dodoma ikifikia kasi yake ya juu, kilomita 160 kwa saa, inapita mita 44 kila sekunde. Dereva akifunga breki ya dharura, bado itakwenda takribani kilomita moja ndipo isimame. Treni ya mizigo kwenye reli ya zamani ni ya polepole, lakini kwa uzito wake nayo inahitaji mamia ya mita. Na dereva wa treni hana usukani wa kukwepea. Akikuona umesimama relini, kilichobaki mkononi mwake ni breki na honi.

Wakazi wa Dodoma wanaujua uzito wa treni kwa namna ya uchungu. Juni 24, 2002, treni ya abiria ilirudi kinyumenyume mteremkoni karibu na Igandu na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki. Treni ile haikuwa ikikimbia kuelekea mbele. Uzito na mteremko tu vilitosha.

Sasa tuje kwenye macho, maana hapa ndipo watu wengi wazima, wenye akili timamu, wanapopotea. Mwaka 1985 mwanasaikolojia wa Marekani, Herschel Leibowitz, aliandika kuhusu ajali za kwenye makutano ya reli na barabara, akaeleza kwamba kitu kikubwa huonekana kwenda polepole kuliko kasi yake halisi. Tazama ndege kubwa inapotua: inaonekana kama inaelea, ilhali inakwenda mbio kuliko basi lolote. Treni ni hivyohivyo. Tena ukiwa umesimama karibu na reli unaiona kwa mbele, si kwa ubavu. Huioni ikipita mti hadi mti. Unaona nukta inayokua taratibu, kisha ghafla imejaa macho yote. Treni iliyo mita 500 mbele yako, ikienda kilomita 160 kwa saa, itakufikia baada ya sekunde 11 hivi. Pikipiki iliyozimika juu ya reli haiwaki na kuondoka kwa uhakika ndani ya sekunde 11.

Masikio nayo yamezoea mambo ya zamani. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na vizazi vya watu wa kando yake vimekua wakisikia mngurumo wa treni kabla haijatokea kwenye kona. Mtoto wa Kilosa alijua treni inakuja akiwa bado shambani. SGR yetu, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, inatumia umeme na haina mngurumo wa dizeli. Upepo ukiwa kinyume, au ukiwa umeziba masikio kwa muziki, utaisikia ikiwa imekwishafika. Nchini Kenya, treni ya abiria ya Madaraka Express ni ya dizeli na huenda hadi kilomita 120 kwa saa. Hata hiyo, mita 33 kwa sekunde si kasi ya kubahatisha nayo.

Najua kwa nini watu wanatembea relini. Masika yakipamba moto bonde la Mkata na Kilosa, tuta la reli ndilo njia pekee kavu. Mama mwenye tenga la nyanya kichwani hawezi kupita kwenye tope la magotini wakati kokoto ziko pale juu. Simlaumu, ila namwomba ajue jambo moja: behewa ni pana kuliko reli. Reli ya zamani ina upana wa mita moja, lakini behewa linatokeza nje zaidi ya sentimita 70 kila upande. Anayetoka katikati ya reli na kusimama kwenye ncha za mataruma yanayobeba reli akidhani amepisha, hajapisha. Ashuke tuta kabisa, na mzigo ausogeze nao.

Hatari nyingine ni mpya kwetu, na inanipa hofu kwa sababu ya watoto. Nyaya zilizo juu ya SGR zina volti 25,000. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Kwa volti nyingi kiasi hicho si lazima uguse waya: umeme unaweza kuruka hewani kukifuata kitu kilichosogezwa karibu. Kishada chenye uzi uliolowa, mti mbichi wa kuangulia maembe, nondo ndefu iliyobebwa wima kwenye daraja la kuvukia, vyote ni njia ya umeme. Nyaya zichukuliwe kuwa na umeme usiku na mchana, hata treni isipokuwepo. Mtu akinaswa usimkimbilie kumshika. Toa taarifa umeme ukatwe kwanza.

Mjini tatizo ni foleni. Kwenye reli ya zamani, maeneo kama Tabata Relini na Buguruni, daladala huufuata mkia wa lililotangulia, la mbele likikwama, la nyuma liko juu ya reli na abiria thelathini. Usiingie relini mpaka uone upande wa pili kuna nafasi ya gari lako lote. Usibadili gia ukiwa juu ya reli. Gari likizimika, shusha watu kwanza, gari baadaye. Waondoke relini wakikimbia mshazari kuelekea upande treni inakotokea, kwa sababu gari likigongwa mabati na vioo hurushwa kule treni inakoelekea. Ushauri huu huwashangaza wengi, lakini ndio sahihi.

SGR haina makutano ya namna hiyo. Imezungushiwa uzio, na watu wanavuka kwa madaraja na vivuko vya chini. Mahali pengine kivuko kiko mbali na kisima au shule, na uzio unakatwa. Kuutengeneza bila kuuliza ni nani anapita pale ni kazi nusu. Uzio uliokatwa mara tatu mahali pamoja unaonyesha watu wanahitaji kivuko wapi, na sisi wataalamu tunapaswa kuisoma ishara hiyo. Kijiji nacho kiandike barua kupitia serikali ya kijiji, kieleze ni watoto wangapi na mifugo mingapi inavuka, na saa ngapi.

Barua hiyo, au simu ya dharura kwa mkuu wa stesheni iliyo karibu, itaje mahali hasa. "Karibu na mwembe mkubwa" haimsaidii anayeongoza treni kutoka chumba cha udhibiti. Reli ya zamani ina vibao vya kilomita kando yake, na nguzo za umeme za SGR zimeandikwa namba. Ukiona ng'ombe ndani ya uzio, jiwe juu ya reli, au maji yamekula tuta, soma namba ya nguzo iliyo karibu ukiwa nje ya uzio, itaje, kisha sema treni ya mwisho ilipita ikielekea wapi. Kwa namba hiyo treni inaweza kusimamishwa ikiwa bado kilomita nyingi nyuma.