Je, wajua kwa nini flaiwili nyepesi haiongezi nguvu za injini?

Ukizunguka gereji za Mbeya na Subaru unayotaka ichangamke, hukawii kushauriwa ubadilishe flaiwili, lile gurudumu zito la chuma lililofungwa kati ya injini na klachi. Weka nyepesi, utaambiwa, uongeze farasi, kile kipimo cha nguvu za injini. Gari litachangamka kweli. Farasi hataongezeka hata mmoja.

Nguvu hutoka kwenye hewa na mafuta yanayoungua ndani ya silinda. Flaiwili haiunguzi kitu, inatunza mzunguko tu. Mtazame fundi cherehani wa Mwanjelwa. Mguu wake husukuma sehemu tu ya mzunguko, kisha hufika mahali ambapo hausaidii, na lile gurudumu la chuma la chini ndilo linaloivusha cherehani hadi msukumo unaofuata. Akifunga gurudumu jepesi, cherehani itaondoka upesi na kusimama upesi, na akishona polepole itakuwa inakwamakwama. Mguu, hata hivyo, ni ule ule. Injini ya silinda nne nayo husukumwa mara moja kila nusu mzunguko. Katikati hapo inabebwa na flaiwili.

Mbona basi gari linavuta vizuri zaidi? Kwa sababu unapoongeza mwendo, sehemu ya nguvu huishia kuizungusha flaiwili yenyewe. Ukiipunguza, nguvu hiyo hufika kwenye tairi. Hata mashine za kupimia farasi, zile zinazopima injini ikiwa inapanda mizunguko, huonyesha ongezeko kwa sababu hiyo hiyo. Ukishatulia kwenye mwendo mmoja, tofauti haipo. Na ile nguvu ambayo injini isiyo na turbo, ile pampu ya kuisukumia hewa, huipoteza Mbeya kwa wepesi wa hewa, karibu sehemu moja ya sita kwa mwinuko wa mita 1,700 hivi, flaiwili hairudishi hata tone.

Utamu wa jambo hili uko kwenye gia. Chukua flaiwili ya kilo 10 na nyingine ya kilo 5, zote duara sawa za sentimita 28. Gia namba moja pamoja na difu, zile gia za mwisho kabla ya tairi, zikizidisha msukumo mara 14, nafuu yake wakati wa kuondoka ni kama kushusha kilo 100 garini. Gia ya tano, mara 3.2, hazifiki hata kilo 6! Uwiano wa gia huingia kwenye hesabu kwa mraba wake. Umbali kutoka katikati pia, kwa hiyo usinunue kwa kuangalia mizani peke yake: gramu iliyotolewa ukingoni ina faida kuliko iliyotolewa karibu na bolti.

Hasara utaziona Kitonga, foleni ya malori imesimama mlimani nawe unataka kuondoka: injini inazimika kirahisi, lazima ukanyage mafuta zaidi, na klachi inanuka.

Usikubali flaiwili ya chuma cha kusubu, yaani kilichomiminwa kwenye kalibu, ipelekwe kukerezwa ili ipungue. Kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, ukingo wake hukimbia karibu kilomita 370 kwa saa. Ikipasuka, vipande hupenya giaboksi na sakafu, na miguu yako iko hapo hapo. Tafuta ya feleji, au ya aluminiamu yenye uso wa feleji, iliyopigwa alama ya SFI 1.1, kiwango cha Marekani cha magari ya mashindano. Kama klachi bado nzima, subiri: giaboksi itashushwa siku ya kuibadilisha, uzifunge zote mbili kwa malipo ya ufundi ya mara moja.