Kipupwe cha nyuklia: njaa inayofuata moshi wa mabomu

Kipupwe cha nyuklia ni hali ya dunia nzima kupoa, kufifia mwanga na kupungukiwa mvua kwa miaka kadhaa baada ya vita vya nyuklia, kwa sababu masizi ya miji iliyoungua yametanda juu kabisa ya mawingu na kuziba jua. Hali hiyo ndiyo inayogeuza vita vya nchi mbili kuwa tishio kwa wanadamu wote. Mlipuko, moto na mionzi vinaweza kuua mamilioni ya watu. Njaa inayofuata inaweza kuua mabilioni, wengi wao katika nchi ambazo hazikurusha wala kurushiwa hata bomu moja.

Jina hilo lilienea mwaka 1983, wanasayansi wa Marekani Richard Turco, Carl Sagan na wenzao watatu walipochapisha hesabu zao. Mwaka mmoja kabla, Paul Crutzen na John Birks walikuwa wameshaonya kuhusu moshi wa misitu na miji. Kwa karibu miaka arobaini wapangaji wa vita walikuwa wakihesabu mlipuko na mionzi, na moshi hawakuupa uzito.

Kila kitu kinaanzia kwenye moto. Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilikuwa na nguvu ya takriban kilotani 15, sawa na tani 15,000 za baruti ya TNT. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ulioliunda ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo. Joto la bomu hilo liliwasha nyumba kila upande kwa wakati mmoja, mioto ikaungana na kuvuta hewa kutoka pembeni, ikawa tufani ya moto. Baadaye ikanyesha mvua nyeusi, yaani masizi yanayorudi chini pamoja na maji.

Mvua hiyo inaeleza mengi. Moshi ukibaki katika tabaka la chini la hewa, lenye mawingu, huoshwa ndani ya siku au wiki chache. Juu ya hapo kuna stratosfia, inayoanza takriban kilomita 17 kutoka ardhini kwenye ikweta na chini ya hapo kuelekea ncha za dunia. Huko hakunyeshi. Isitoshe, masizi ni meusi: hufyonza jua na kupasha hewa inayoyazunguka, na hewa hiyo ikipata moto hupaa nayo juu zaidi. Hili limeshaonekana. Moshi wa mioto ya misitu ya British Columbia, Kanada, Agosti 2017, ulipanda kutoka kama kilomita 12 hadi 23 ndani ya miezi miwili, na setilaiti ziliendelea kuuona kwa miezi minane hivi. Ule ulikuwa moshi wa takriban tani laki tatu tu.

Sasa linganisha na vita. Mabomu 100 ya ukubwa wa lile la Hiroshima yakiangukia miji ya India na Pakistan, makadirio ni tani milioni 5 za masizi. Vita kamili kati ya Marekani na Urusi, tani milioni 150. Kiasi cha kwanza kingeshusha wastani wa joto la dunia kwa zaidi ya nyuzi 1 ya Selsiasi. Cha pili, kwa nyuzi 7 hadi 9, na mvua ya dunia nzima ingepungua karibu nusu. Anayeona nyuzi moja ni kidogo akumbuke volkano ya Tambora, Indonesia, iliyolipuka mwaka 1815. Ilipoza dunia kwa chini ya nyuzi 1, na mwaka uliofuata theluji ikaanguka mwezi Juni kaskazini-mashariki mwa Marekani, mavuno yakaharibika Ulaya magharibi na watu wakafa njaa.

Hata hivyo mmea hauuawi na wastani, unauawa na usiku mmoja wa baridi. Mpunga ukiwa kwenye maua, joto likishuka chini ya nyuzi 15 hivi, chavua huwa tasa. Shamba linaendelea kuwa la kijani, mkulima anasubiri, lakini akilipukusa suke siku ya mavuno anakuta mapepe. Mahindi nayo karibu huacha kukua chini ya nyuzi 10, na hata mbegu ya muda mfupi huhitaji siku kama 90 zisizo na baridi ya kugandisha. Kwa tani milioni 150 za masizi, hesabu zinaonyesha joto la usiku likishuka chini ya sifuri kwa zaidi ya mwaka mmoja huko Iowa, Marekani, na zaidi ya miaka miwili huko Ukraine, kiangazi kikiwemo. Utafiti wa mwaka 2022 uliounganisha hali ya hewa, mazao, uvuvi na biashara ya chakula ulikadiria vifo zaidi ya bilioni 2 kutokana na vita vya India na Pakistan vya mabomu mengi na makubwa kuliko yale 100, na zaidi ya bilioni 5 kutokana na vita vya Marekani na Urusi.

Nyanda zetu za ikweta huenda zisigande, lakini hazingesalimika. Kusi na kaskazi husukumwa na tofauti ya joto kati ya bara na bahari. Jua likififia, tofauti hiyo hupungua na mvua za msimu hulegea. Halafu kuna meli. Kenya na Tanzania huagiza sehemu kubwa ya ngano yao, pamoja na mbolea na dizeli, na serikali inayohofia njaa kwake huzuia kuuza nje kabla ghala halijaisha. Mwaka 2022 bei ya unga wa ngano na mbolea ilipanda kwa sababu ya vita vya Ukraine, wakati sehemu kubwa ya mashamba mengine ya dunia ilikuwa nzima.

Wataalamu hawakubaliani juu ya ukubwa wa tatizo, na ubishi wao ni wa msingi. Visima vya mafuta vya Kuwait vilipochomwa mwaka 1991, Sagan alihofia mavuno ya Asia. Hayakuharibika, kwa kuwa moshi haukufika stratosfia. Mwaka 2018 watafiti wa maabara ya Los Alamos walipata masizi machache zaidi juu kuliko wenzao. Wanachotofautiana ni wingi wa vitu vinavyoungua mjini na kama moto utafikia kuwa tufani. Kwamba masizi yakishafika juu hupoza dunia, hawabishani. Na jaribio la kumaliza ubishi huo haliwezi kufanywa.

Kinachobaki ni kuzuia. Nchi tisa zina vichwa vya nyuklia kama 12,000. Mwaka 1986 vilikaribia 70,000, kwa hiyo kupunguza kunawezekana. Hatari kubwa iliyopo ni haraka. Kombora la masafa marefu husafiri takriban dakika 30, na rais anayeambiwa linakuja hubakiwa na dakika chache tu za kuamua. Novemba 1979 mkanda wa mazoezi ulionyesha kwenye kompyuta za Marekani shambulio ambalo halikuwepo. Juni 1980 chipu moja ya bei isiyofika nusu dola ilifanya vivyo hivyo. Septemba 1983 setilaiti ya Kisovieti ilisoma mwanga wa jua mawinguni kama makombora matano, na Luteni Kanali Stanislav Petrov akaripoti kuwa ni hitilafu. Dawa yake inajulikana: kuyaondoa makombora kwenye utayari wa dakika, kuacha sera ya kurusha kwa onyo la kompyuta pekee, na kutomwachia mtu mmoja uamuzi.

Afrika imeshatenda sehemu yake. Afrika Kusini ilivunja mabomu yake sita na kutangaza hivyo mwaka 1993. Mkataba wa Pelindaba, unaozuia silaha hizo barani, ulianza kutumika tarehe 15 Julai 2009 Burundi ilipokuwa nchi ya 28 kuuridhia. Desemba 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua kuunda jopo la wanasayansi 21 kuchunguza upya athari za vita vya nyuklia, na ripoti yake inatarajiwa mwaka 2027. Nchi zetu zipeleke huko takwimu zao wenyewe: akiba ya nafaka inatosha miezi mingapi, ngano na mbolea zinatoka wapi, na mihogo au viazi vitamu vinaweza kuziba pengo la kiasi gani mahindi yakikosa mvua misimu miwili mfululizo.