Bastola ya Kubeba Kiunoni Mombasa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Tangu vijana wenye mapanga waanze kuvamia watu Kisauni na Likoni, mazungumzo ya bastola yameingia barazani. Mwenye hoteli, mwenye duka la kubadilisha fedha, wakili, kila mmoja ana rafiki aliyepata leseni, na kila rafiki ana ushauri. Mwingi haufai, na katika jambo hili ushauri mbaya huweza kumzika mtu au kumpeleka gereza la Shimo la Tewa. Nayachukua hapa yale yanayorudiwa zaidi.

"Ukishapata leseni, nunua bastola uitakayo."

Sivyo. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, haimpi mtu ruhusa ya silaha kwa jumla. Cheti kinataja aina ya silaha, kinabeba nambari yake, na kinaweka idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kukaa nazo kwa wakati mmoja. Kinadumu mwaka mmoja, kisha hufanywa upya. Ukiona bastola haikufai, huwezi kwenda kubadilishana na jirani. Unarudi kwa Bodi ya Leseni za Bunduki. Ndiyo maana kuchagua vizuri ni kazi ya mwanzo kabisa. Na kuazimana hakuna hata ndani ya nyumba moja. Bastola ya kaka yako ikikutwa kiunoni mwako, wewe ni mtu mwenye silaha bila cheti, na kifungo cha kosa hilo kinaanzia miaka 5 hadi 10.

Kuna na wale wanaosema kubeba silaha ni haki ya kila raia. Hiyo ni Marekani. Katiba yetu ya 2010 haina kifungu cha namna hiyo. Hapa mwombaji ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba ana sababu ya maana na kwamba ni mtu wa kuaminiwa na silaha.

"Chukua ndogo kabisa, ndiyo rahisi kutumia."

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, hasa kwa sababu huambiwa kina mama: mnunulie mkeo kibastola cha mkoba. Bastola ndogo ni rahisi kuficha. Kuipiga ni jambo jingine. Risasi ileile ya milimita 9 ikitoka kwenye silaha nyepesi inaruka zaidi mkononi kuliko ikitoka kwenye silaha nzito, maana hakuna uzito wa kuimeza nguvu yake. Kishikio kifupi hakimpi kidole cha mwisho mahali pa kukaa. Vilengeo viko karibu karibu, basi kosa dogo la mkono linakuwa kosa kubwa kwenye shabaha. Bastola ya mzunguko ya risasi 5, ile isiyofika nusu kilo, ina kifyatulio kizito cha kuvuta kwa nguvu, na mwenye vidole dhaifu huishia kuitikisa silaha nzima kabla haijalia.

Upande wa pili kuna CZ 75, ambayo magazeti yetu huiita Ceska na ambayo polisi wengi wameibeba. Ni silaha tulivu mkononi na magazini yake ya kawaida, yaani kisanduku cha risasi, huchukua risasi 16, lakini ina kilo nzima kabla hujaijaza. Ibebe kutwa nzima Marikiti mwezi wa Februari, kisha unieleze. Katikati ndipo wengi hutulia: kwa mfano Glock 19, risasi 15, mtutu wa milimita 102, na ikishajazwa inakaribia gramu 850. Glock 43 ni nyembamba zaidi na huchukua risasi 6 kwenye magazini. Mimi nasema hivi: beba kubwa kuliko zote unazoweza kuificha vizuri kwa nguo unazovaa kweli.

Na nguo za Mombasa zina mambo yake. Mwongozo ulioandikwa kwa watu wa nchi za baridi hudhani una koti. Sisi tuna shati jepesi lililolowa jasho, linaloganda mgongoni na kuchora kila kitu kilicho chini yake. Kanzu inaficha vizuri sana, wengi husifia hilo, lakini jaribu kuifikia silaha iliyo kiunoni: lazima uipandishe kanzu yote kutoka magotini, kwa mikono miwili. Ndani umejifunga kikoi, na kikoi si mshipi. Uzito wa gramu 850 utakitelemsha kabla hujafika msikitini. Kuitia mfuko wa kanzu ni hatari zaidi. Inaning'inia, inagonga paja, na humo mna funguo zinazoweza kuingia kwenye kifyatulio. Anayevaa kanzu kila siku anahitaji mshipi mgumu ndani na ala inayofunika kifyatulio chote, la sivyo aiache silaha kwenye sefu. Jipime mbele ya kioo ukiwa umeinama na ukiwa umenyoosha mkono juu, kama mtu anayeshika bomba ndani ya matatu.

"Bastola za plastiki hazishiki kutu."

Plastiki ni kishikio na fremu tu. Sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele, mtutu, springi, pini, vyote ni chuma. Viwanda huvipaka dawa nzuri, hilo kweli, lakini anayeishi Nyali au Old Town anajua upepo wa bahari unavyolifanya geti la chuma. Ongeza jasho la tumbo, ambalo nalo lina chumvi. Kutu huanza pale usipotazama: kwenye vilengeo, kwenye kichwa cha pini, chini ya kishikio, ndani ya springi ya magazini. Risasi zenyewe hubadilika rangi, na risasi yenye ukijani haifai kutegemewa.

Kwa hiyo hapa pwani ipanguse kila jioni kwa kitambaa kikavu, kisha mafuta kidogo, kidogo kweli, kwani mafuta mengi hukusanya vumbi. Ala ya ngozi hunywa jasho. Usiilaze silaha ndani yake usiku. Mwenye kuchagua kati ya bastola nzuri ambayo chuma chake kimetiwa rangi ya buluu kwa njia ya zamani na isiyopendeza yenye mipako migumu, achague isiyopendeza.

"Risasi kubwa ndiyo humwangusha mtu."

Hata FBI ya Marekani, baada ya miaka mingi na risasi ya .40, iliyo nene kuliko ya milimita 9, ilirudi kwenye milimita 9 katika muongo uliopita. Wapigaji wengi hulenga vizuri zaidi wanapoitumia, na risasi za kisasa zimeziba pengo. Kwetu kuna sababu nyingine: idadi ya risasi imefungwa na cheti. Ukichagua ukubwa adimu na wa bei, hutafanya mazoezi.

"Ukiwa na leseni, mwizi ni halali yako."

Tafadhali. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinapima kujilinda kwa misingi ya sheria ya Uingereza: hatari iwepo kweli au mtu aiamini kwa dhati, na nguvu ilingane nayo. Kijana aliyekwisha kunyakua simu yako na kukimbilia vichochoroni hakutishii tena, na ukimpiga mgongoni utaingia kizimbani kama mshtakiwa wa mauaji. Kuionyesha bastola katika ugomvi wa kuegesha gari, au kuwa nayo umelewa, ni mambo yanayokupeleka mahakamani na kukupotezea cheti. Risasi ya kutisha inayopigwa hewani Kongowea itashuka juu ya kichwa cha mtu.

Wenye jamaa Tanga nao wajue: cheti cha Kenya kinaishia Lunga Lunga. Ukivuka hadi Horohoro na silaha kiunoni bila kibali cha Tanzania, umeingiza silaha nchi ya watu kinyume cha sheria, hata kama uliisahau. Kagua kiuno na gari kabla ya kuondoka nyumbani.